Dirisha la Tatu

Mimi ndiye ninayegonga mhuri.
Dirisha la tatu, hospitali ya misheni, Urambo,
kiti chenye mguu mmoja mfupi
nilioukingia karatasi iliyokunjwa mara nne.

Leo kaja Nyamizi na kadi mpya.
Chama cha msingi kilimkata kwenye tumbaku,
robota kwa robota, kikamwambia: umeshalipa, utatibiwa.
Kadi bado ina ule utando wa plastiki
ambao hataki kuubandua.
Vidole vyake vina gundi nyeusi ya majani,
haitoki hata kwa sabuni ya magadi.

"Nataka kijiti," anasema,
kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

Nafungua orodha.
Malaria, imo. Kujifungua, imo.
Kujifungua kwa kisu, imo.
Mtoto njiti, siku kumi kwenye joto, yumo.
Kijiti nacho kimo, mstari wa arobaini na moja,
bima inalipa, shilingi kwa shilingi.
Ila pembeni, kwa wino wa buluu,
mwandiko ulionyooka wa Sista Eufrazia:
*Hapa hatutoi.*

"Bima hailipi?"
"Inalipa."
"Kimeisha?"

Ningesema kimeisha ingekuwa nafuu.
Kuisha tunakujua: dawa huisha, mvua huisha,
mbolea huisha kabla lori halijafika kwetu.
"Hakijaisha, mama Kulwa. Hakijawahi kuja."

Habishani. Ananihesabia kwenye kioo kwa kidole:
Kulwa. Doto. Kisha Shija, ambaye bado ananyonya.
"Na baada ya Shija jina unalijua."

Nalijua. Nani hapa asiyelijua?
Kitula.
Kwetu majina hupanga foleni kabla ya mimba,
na hilo limeshakaa kizingitini kwake
kama mgeni aliyeambiwa ngoja kidogo.
"Sijasema simtaki," anasema.
"Nataka anikute nimepumua."

Msimtafute mchawi katika habari hii.
Usiku ule wa masika, dada yangu alipovuja damu,
Sista Eufrazia alikunja mkono wa kanzu
akatoa yake, chupa nzima,
kisha akaenda kusali Masifu ya Asubuhi, hakulala.
Dhamiri yake nimeiona kwa macho. Ina mishipa.
Lakini na hii nyingine imesimama mbele yangu,
miguu ina vumbi la kilomita kumi na nne,
imelipiwa, ina kadi,
na kwenye orodha hakuna mstari wa kuiandika.

Nami?
Kila miezi mitatu, Jumamosi moja,
naaga kwamba naenda Tabora kununua nyuzi za kudarizi.
Sindano haichukui dakika mbili.
Nyuzi nanunua kweli, ili nisiseme uongo.
Ninazo za zambarau, za machungwa, za kijani cha mpunga,
kopo zima limejaa chini ya kitanda.
Sijui kudarizi.
Jumapili nasimama kwenye kwaya, sauti ya pili,
na mume wangu huniuliza kitambaa kitakwisha lini.

Nachana kipande cha karatasi,
namwandikia kituo cha serikali, mtaa, siku ya kliniki.
"Nauli nayo imo kwenye bima?"
"Haimo."
Anachungulia orodha hata hivyo, kichwa chini,
kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Nainama, nanong'ona kwenye tundu la kioo:
"Nyumbani sema unafuata uzi."

Ananitazama. Kisha anacheka,
kicheko cha wazi, hata mzee mwenye kikohozi anageuka.
"Uzi wa nini? Mihayo anajua.
Ndiye aliyenituma. Yupo pale nje, kambeba Shija."

Anafunga kadi kwenye pindo la kanga, fundo mbili,
utando wake bado haujabanduliwa.
Mkono wangu umeshika mhuri, mhuri hauna pa kutua.

Foleni inakohoa.
Nasema, kama ninavyosema mara mia kwa siku,
"Anayefuata,"
na leo neno lenyewe
linanigeukia mdomoni.